Dakika tano za epoksi ni zako, sio za gundi

Saa hizi kuna taa ya mezani imelala ubavu kwenye kona ya chumba changu, nguzo yake ya chuma nimeibana na raba kwenye kitako cha kauri, pembeni nimeweka vitabu viwili isibingirike, na waya nimeuchomoa kabisa ukutani. Nimeibandika na epoksi, ile gundi ya tyubu mbili unazochanganya mwenyewe, tena ya kushika haraka, na mdogo wangu alivyoingia akaiona akauliza "kaka mbona hujaiwasha, si imeandikwa dakika tano hapo?" Nikamwambia bado, akaguna akatoka, ila swali lake limenikaa kichwani maana ndio lile lile nililokuwa najiuliza miaka kadhaa nyuma, na kila nilipojijibu vibaya kitu kiliniachia mkononi. Kwa hiyo wakati nasubiri hii taa naandika.

Zile dakika tano sio muda wa kitu kuwa tayari. Ni muda wako wewe wa kufanya kazi, yaani kuanzia pale unapokutanisha zile tyubu mbili mpaka mchanganyiko unapoanza kuvutika nyuzi nyuzi na kukataa kupakika, zikipita hizo hata ukipaka haitakaa vizuri kwa sababu imeshaanza kuganda bila kugusa kitu chako. Baada ya hapo kuna muda wa pili, robo saa hivi mpaka saa nzima kutegemea na aina, ambapo kitu kinaweza kusimama chenyewe ukikishika kwa adabu. Halafu kuna muda wa tatu ambao watu wengi hawausomi kwenye pakiti kwa sababu umeandikwa kwa maandishi madogo nyuma, saa 24 hivi mpaka gundi ifike nguvu yake yote. Mimi nilikuwa naruka kutoka muda wa kwanza kwenda kutumia kitu moja kwa moja, nikidhani kikishasimama basi kimepona.

Tena hizo dakika tano zenyewe zimepimwa kwenye joto la kawaida la ndani, nyuzi 20 na kitu hivi. Kukiwa na joto kali zinakuwa tatu, kukiwa na baridi zinavutika mpaka kumi na zaidi. Kwa makadirio, joto likipanda nyuzi 10 mambo yanaenda mara mbili ya mwendo, likishuka nyuzi 10 yanaenda nusu. Kwa hiyo usiku wa baridi usije ukashangaa kwamba saa nzima imepita na gundi bado inanata kidoleni, haijaharibika, inasubiri joto tu.

Kitu kilichonifanya nianze kuiheshimu hii gundi ni kuelewa kwamba haikauki. Sote tunasema gundi imekauka, nami nasema hivyo hivyo nikiwa naongea haraka, lakini gundi nyeupe ya mbao ndiyo inayokauka, ina maji ndani na yale maji lazima yatoke ndio ishike. Epoksi haina maji ya kutoka. Tyubu moja ina rezini na nyingine ina kile mafundi wanachoita hadina, na kwenye rezini kuna molekuli zenye vipete vidogo vya atomi tatu, kaboni mbili na oksijeni moja, vimejikunja kwa kulazimishwa kama waya uliopindwa sana, vinasubiri tu kitu cha kuvifungua. Hadina ikifika inavifungua, na kila kinapofunguka kinashikana na jirani, jirani na jirani, mpaka inakuwa wavu mmoja mkubwa ambao hauyeyuki tena ukawa majimaji hata ukiupasha. Ndio maana naweza kubandika chuma kwenye kauri, vitu viwili visivyopitisha hewa wala maji, na huko ndani kabisa kwenye giza gundi ikashika vizuri tu. Gundi nyeupe ukiweka hapo utaikuta mbichi wiki ijayo.

Na ile harufu. Ukifungua tyubu ya hadina ya epoksi ya haraka unasikia harufu kama yai viza, wengine wanadhani imeoza wanaitupa. Haijaoza, hadina nyingi za haraka zina kemikali za jamii ya merkaptani, zina salfa ndani, ni ndugu wa kile kinachotiwa kwenye gesi ya kupikia ili ikivuja uisikie puani. Hizo ndizo zinazoleta haraka. Epoksi ya polepole, ile ya saa nzima au ya kulala nayo usiku, hutumia hadina za aina nyingine, hainuki hivyo, na kwa kawaida ikishakamaa inakuwa imara na yenye kuvumilia maji na joto zaidi kuliko hii ya haraka. Haraka ina gharama yake. Kiti kinachokaliwa na mtu mzima mimi sibandiki na ya dakika tano, natumia ya polepole na naacha siku nzima, mbili kama nina nafasi.

Wapo waliofika huku kabla yetu kwa njia ambayo mimi naipenda sana. Miaka ya 1930 kule Uswisi kulikuwa na mkemia anaitwa Pierre Castan, alikuwa kwenye kampuni ya vifaa vya meno, anatafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia ambacho kikiganda hakisinyai, maana jino la bandia likisinyaa hata kidogo tu halikai kwenye ufizi. Akapata hizi rezini, hataza yake ni ya 1938, meno hayakufika mbali lakini kampuni ya Ciba ya Basel ikaichukua ile kazi na 1946 ikatoa gundi ya Araldite, jina ambalo mpaka leo watu wengi wanaliita kwa gundi yoyote ya tyubu mbili. Marekani nako Sylvan Greenlee alikuwa anafanya kazi inayofanana na hiyo miaka ya 1940. Ninachotaka ushike hapo ni hilo neno kusinyaa. Kwenye hii taa yangu tundu la kitako limelika, nguzo inacheza milimita moja hivi kila upande, na supa gluu hapo haiwezi kitu kwa sababu supa gluu inataka vitu vilivyokutana kabisa ngozi kwa ngozi. Epoksi inajaza lile pengo na inabaki imejaa. Alichokuwa anakitafuta yule mtu kwa ajili ya jino ndicho kinachoniwekea taa yangu isitikisike.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo vitu vingi vinapoharibikia, kabla hata tyubu haijafunguliwa.

Hii taa ilishawahi kubandikwa. Nilitia supa gluu kipindi fulani, ikashika wiki mbili, ikaachia, na ndani ya tundu ikaacha ganda jeupe gumu. Ukipaka epoksi juu ya ganda la gundi ya zamani unakuwa umebandika kwenye ganda, hujabandika kwenye kauri, na lile ganda likibanduka linaondoka na gundi yako mpya mgongoni. Nimekaa karibu dakika arobaini kulikwangua, ncha ya bisibisi ndogo, halafu msasa wa 80 niliouviringisha kwenye penseli nikauzungusha mule ndani mpaka rangi ya kauri yenyewe ikatokea, ile ya kijivu isiyong'aa. Chuma nacho nimekipiga msasa mpaka ule mng'ao ukaisha na mikwaruzo ikaonekana, kwa sababu gundi inahitaji mahali pa kung'ang'ania, kwenye uso laini kama kioo inateleza tu. Nikafuta vumbi, nikapangusa na spiriti mara mbili kwa kitambaa kipya kila mara, nikaacha ikauke, na baada ya hapo sikugusa tena na kidole. Kidole kina mafuta, hata uoshe vipi.

Kuna kipimo kimoja kizuri, kwa chuma na kauri na kioo. Dondosha tone la maji pale uliposafisha. Maji yakitandaa yakawa utando basi pasafi, yakijikusanya yakawa kama shanga basi bado kuna mafuta, rudia. Ukishaona yametandaa kausha vizuri kabisa ndio uendelee.

Halafu kabla ya gundi panga kwanza bila gundi. Weka kitu mahali pake, kibane vile utakavyokibana, ona kama raba inafika, ona kama vitabu vinatosha, ona kitalala upande gani. Ukianza kutafuta raba wakati gundi imeshachanganywa basi zile dakika tano zako umezitumia kutafuta raba. Mimi mara moja nilitumia mbili nzima kutafuta selotepu, nikarudi nikakuta mchanganyiko umeshakuwa kama ubani, nikaulazimisha hivyo hivyo, na kile kishikio cha droo hakikumaliza mwezi.

Kuchanganya. Kwa hizi za nyumbani nyingi ni nusu kwa nusu, kiasi sawa cha kila upande kwa ujazo, lakini soma yako. Kama ni ile sirinji ya mapacha usikamue moja kwa moja kwenye kazi, kamua kidogo ya kutupa kwanza mpaka uone pande zote mbili zinatoka kwa unene mmoja, kwa sababu mara nyingi pistoni moja inatangulia na unapata rezini tupu mwanzoni. Kama ni tyubu mbili lalisha mistari miwili ya urefu na unene mmoja sambamba. Na hapa nisikilize vizuri: kuongeza hadina hakuharakishi kitu. Nimewasikia watu wanaambizana "tia hadina nyingi ishike chap", ndivyo ilivyo kwa baadhi ya rezini za faiba za boti lakini sio hii. Kwenye epoksi kila molekuli ya upande huu ina mwenzake wa upande ule, ukizidisha upande mmoja wanabaki wasio na wenzao, wamelala ndani ya wavu hawajashika chochote, na gundi yako inakuwa laini laini milele, inanata, inabonyea kwa kucha hata mwezi ukipita.

Nachanganya kwa kijiti bapa, sio cha mviringo, nakwangua chini na pembeni na kurudisha katikati, taratibu nisijaze mapovu, kama sekunde 45 mpaka dakika nzima. Najua dakika moja kati ya tano inauma lakini usiifupishe. Mwanzoni unaona michirizi, upande mmoja mweupe wa ukungu na mwingine wa asali, halafu michirizi inapungua, halafu unaona rangi moja tu na kijiti kinapita bila kuacha njia ya rangi nyingine. Hapo ndio paka.

Paka pande zote mbili, safu nyembamba, kuna pengo ndio ujaze. Bana kiasi tu. Watu wanadhani kubana sana ndio kushika sana, kwenye epoksi ukikaza kama unakamua nguo gundi yote inatoka nje na katikati panabaki pakavu, inatakiwa vitu vikutane na visisogee basi.

Kuna jambo la kiasi pia. Epoksi inapoganda inatoa joto lake yenyewe, na ikiwa nyingi mahali pamoja lile joto halina pa kwenda, linaiharakisha, inatoa joto zaidi. Niliwahi kuchanganya nyingi kwenye kikombe kidogo cha plastiki nikitaka kujaza shimo kubwa kwa mara moja, kabla sijamimina nusu kikombe kikawa cha moto sikuweza kukishika na kilichobaki ndani kikaganda kuwa jiwe la njano lenye nyufa. Siku hizi nikiwa na kazi kubwa nachanganya mara mbili tatu, na naitandaza kwenye kitu bapa isirundikane.

Hicho kitu bapa kwangu ni kifuniko cha plastiki cha kopo, kile laini kinachopindika. Nakipenda kwa sababu kesho yake nakikunja tu, gundi iliyoganda inaruka yenyewe ikiwa nzima kama gamba, kifuniko kinabaki kipya. Nimekitumia hivyo muda mrefu sana kabla sijajiuliza swali la wazi kabisa, kama gundi haishiki kwenye kifuniko hiki, kwa nini ilishindwa kwenye ile ndoo? Maana nilikuwa na ndoo imepasuka chini, niliisafisha, nikaipiga msasa, nikapaka epoksi kwa utulivu wote, nikasubiri siku nzima kwa imani, nikajaza maji, na kile kiraka kikabanduka kikaelea juu. Kizima. Nikakitazama upande wa chini, kilikuwa laini, kimechukua umbo la kila mkwaruzo wa msasa lakini hakikuondoka na chembe ya ndoo.

Ndoo na kifuniko ni ndugu. Plastiki za polithini na polipropilini zina uso kama wa nta, gundi hazizishiki, pamoja na silikoni na ile Teflon ya kwenye vikaango. Geuza chombo utazame chini, kuna pembetatu ya mishale yenye namba ndani, ukiona 2, 4 au 5 basi weka epoksi yako pembeni, hizo ni polithini za aina mbili na polipropilini, ndoo na mabeseni na vifuniko vingi viko hapo. Hizo zinaunganishwa kwa kuyeyushwa, au kwa gundi maalumu zinazokuja na dawa yake ya kupaka kwanza. Plastiki ngumu zinazolia ukizigonga, kama za maboksi ya vifaa vya umeme au zile rafu za mlango wa friji, mara nyingi zinakubali ukizipiga msasa. Kipande cha rafu ya friji yangu kilichokatika pembeni nimekibandika nikaweka na kijipande cha bati jembamba kwa nyuma kama banzi, kwa sababu ncha kwa ncha peke yake eneo la kushika ni dogo sana, gundi hii ina nguvu ikivutwa kwa kuteleza lakini ukiibandua kutokea pembeni kama unavyomenya kitu inaachia. Ukiweza kuvilaza vitu vipandiane hata sentimita moja umeiongezea maisha.

Vyombo vya udongo na kauri ndio raha yangu. Chombo cha maua kilichopasuka vipande vinne nilikipanga kwanza mezani bila gundi, nikavipa namba kwa penseli, kwa sababu kuna mpangilio ambao kipande cha mwisho kinafungiwa nje, hakiingii tena hata ukilia. Safu iwe nyembamba sana maana unene wa kila mpasuko unajumlishwa na mwisho kunakuwa na kidaraja. Selotepu ya karatasi unaivuta kidogo ukiwa unaibandika kukatiza ufa, ikitaka kurudi inavuta vipande vikutane, hakuna klampu inayofanya kazi hiyo vizuri hivyo. Halafu unakisimamisha kwenye bakuli la mchanga kwa pembe ambayo kipande kinakaa chenyewe kwa uzito wake, na unaondoa mikono.

Na ile iliyochuruzika nje usiihangaikie ikiwa mbichi, ukiifuta unaitandaza tu chombo kizima kinakuwa na ukungu. Isubiri. Kuna kipindi, kama dakika kumi na tano hivi kwenye joto la kawaida, inakuwa kama kifutio cha penseli, kucha inaacha alama lakini hainati. Hapo chukua wembe ulaze karibu bapa na uusukume polepole kufuata ufa, ile gundi inanyanyuka kama uzi mmoja mrefu, nyuma yake unaacha mstari mwembamba ambao ni wewe tu unajua upo. Ukichelewa nusu saa tu imekuwa ngumu na utaishia kuchubua rangi. Mimi hicho kipindi nakipenda kuliko chote katika kazi yote hii, nakaa nakigusa gusa kile kilichobaki kwenye kifuniko mpaka kiwe tayari.

Sasa kuhusu joto, na hapa naongea kwa uzito kwa sababu mtu anaweza kuungua. Nilibandika sikio la kikombe, nikafuata kila kitu, nikasubiri saa 24, likashika kweli kweli ukilivuta. Siku ya tatu nikamimina maji ya moto, nikanyanyua, likaachia hewani, maji yakanimwagikia pajani. Kubandika nilibandika vizuri. Epoksi nyingi za haraka zikishafika nyuzi 50 au 60 zinaanza kulegea, haziyeyuki ila zinakuwa kama ile hali ya kifutio tena, na maji yanayochemka yako 100. Kwa hiyo kikombe cha vinywaji vya moto, mkono wa sufuria, kifuniko cha birika, mpini wa pasi, hapana, usimpe mtu kitu hicho ukamwambia kimepona. Na ndani ya chombo cha kulia au kunywea pia usipake, rezini nyingi za aina hii zinatengenezwa kutokana na kemikali inayoitwa bisfenoli A na hazijapimwa kwa ajili ya kugusana na chakula, kama pakiti haisemi wazi kwamba inafaa kwa chakula basi haifai. Kile kikombe sasa kinakaa kalamu.

Joto hilo hilo lakini ndilo linalokusaidia ukikosea. Kitu umekibandika kimekaa upande, kipashe na mashine ya kukaushia nywele mpaka gundi ilegee, kitenganishe taratibu, kwangua ikiwa bado ya moto. Asitoni na spiriti zinaondoa ikiwa mbichi tu.

Nikikumbuka, kuna hii ya skrubu. Mbao ikilika skrubu inazunguka tupu haikamati, hasa kwenye bawaba za milango ya kabati. Changanya epoksi na vumbi la mbao mpaka iwe kama uji mzito, jaza lile tundu, pakaa skrubu vaselini yote isibaki sehemu kavu, iingize kwenye ule uji mpaka ikae sawa, acha. Gundi ikishakuwa ngumu ifungue, vaselini imeizuia kushika, na mbao imebaki na njia za skrubu zilizochongwa ndani yake. Unaweza kuikaza na kuifungua kama nati. Mlango wa kabati langu unaning'inia kwenye mbili za hivyo.

Bomba la maji machafu chini ya sinki linalotoa jasho kwenye kiungo, kuna epoksi ya udongo, inakuja kama kijiti, unakata unakanda kwa vidole vyenye glavu mpaka ile rangi ya katikati na ya nje ziwe moja. Inafaa. Bomba lenye presha sijawahi kuliamini nalo, huko tafuta fundi.

Glavu. Nimezitaja kama kitu kidogo lakini kuna fundi ninayemfahamu, miaka mingi amefanya kazi na rezini mikono mitupu, hakuna kilichomtokea, na siku moja vidole vikaanza kuwasha na kuchubuka na kutoa maji, na tangu hapo hata akiingia chumba ambacho kuna mtu anachanganya epoksi ngozi inaanza. Ndivyo inavyofanya, sio sumu ya siku moja, mwili unaijua taratibu halafu unaikataa, na ukishaikataa mara nyingi ni kwa maisha. Kazi yake ndio imeishia hapo. Vaa za nitraili, zile nyembamba za rangi ya bluu au nyeusi, na ikikupata kwenye ngozi ifute kwanza na karatasi kavu halafu sabuni na maji. Usijioshe na asitoni wala spiriti, zinaiyeyusha na kuisaidia kupenya. Fungua dirisha. Ukipiga msasa iliyoganda vaa barakoa na usipige ile ambayo haijamaliza siku yake, vumbi lake bado lina kemikali hai.

Kuhifadhi ni haraka tu, vifuniko visibadilishane, cha rezini kikienda kwenye hadina umeziba zote mbili. Sirinji vuta pistoni nyuma kidogo, futa mdomo, rudisha kizibo upande ule ule kilikokuwa. Rezini ikiganda ikawa nyeupe kama asali ya zamani wakati wa baridi usiitupe, loweka tyubu iliyofungwa vizuri kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika kwa mkono, itarudi kuwa wazi, iache ipoe ndio utumie.

Mdogo wangu amerudi tena sasa hivi kaniuliza tena. Nimempa kile kifuniko nikamwambia bonyeza kwa kucha, akabonyeza, haiingii, akasema "si hii hapa imeshakuwa ngumu". Nikamwambia ngumu ndio, lakini hiyo hakuna kinachoning'inia juu yake. Hapa ni saa ya pili tangu nichanganye. Raba sitoi mpaka kesho saa tatu usiku, na leo asome na taa ya darini.